Mita ya sumaku inasoma 28 sakafuni mbele ya kiti cha nyuma: je, tuuze gari?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, na wa tatu yuko njiani. Tumenunua gari la haibridi, lile lenye injini na mota ya umeme pamoja, na hatukukaa nalo siku nyingi kabla shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, hajanitumia video ya mtu anayesema betri ya nyuma inatoa sumaku inayoleta saratani ya damu kwa watoto. Nikaazima mita ya kupima sumaku. Nilipoiweka sakafuni, pale miguu ya mwanangu inapofika, ilisoma miligausi 28 baba yao alipokanyaga mafuta. Yule wa kwenye video anasema ikizidi 4 ni hatari. Sisi tumeizidi mara saba! Tangu hapo kila nikipanda gari hilo kichwa kinaniuma. Mume wangu anasema nauziwa maneno. Tuuze gari?
Mama Mwenye Wasiwasi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msiuze gari kwa sababu ya namba hiyo. Lakini pia simuungi mkono mumeo kukwambia unauziwa maneno kisha akanyamaza, maana aliyetishwa kwa namba hatulizwi kwa kupuuzwa. Nimefundisha umeme wa magari sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo tuichukue 28 yako tuifungue.

Kwanza, mita haikukudanganya kwamba kuna kitu. Popote umeme unapopita, uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika, upo. Kwenye haibridi, betri kubwa hutoa mkondo mnyoofu, inveta huugeuza kuwa mkondo geu, na mkondo huo ndio unaozungusha mota. Baba watoto akikanyaga mafuta, mkondo unapanda na uga unapanda. Akikanyaga breki, mota inageuka jenereta, umeme unarudi kwenye betri, na mita inaruka tena. Akitulia kwenye mwendo mmoja, inashuka. Ndiyo maana namba ya juu kabisa uliyoiona ni ya sekunde chache, tena sakafuni. Inua mita mpaka usawa wa kifua cha mtoto uone inavyopungua, kwa kuwa uga huu hufifia haraka sana ukiachana na chanzo chake. Waunda magari wenyewe huzipitisha nyaya za kwenda na za kurudi zikiwa zimekaribiana, ili uga wa upande mmoja ufute wa upande mwingine.

Pili, mita yenyewe. Nyingi kati ya hizi zinazouzwa kwa watu wa kawaida zimesawazishwa kwa umeme wa nyumbani, wa hezi 50 au 60, yaani mizunguko 50 au 60 kwa sekunde; idadi hiyo ndiyo huitwa masafa. Umeme wa inveta hauko hivyo: unapanda na kushuka masafa kadiri gari linavyokwenda. Mita isiyosawazishwa kwa masafa hayo inaweza kuzidisha au kupunguza. Halafu kuna sumaku ya dunia yenyewe, ambayo ni kati ya miligausi 250 na 650 kutegemea mahali ulipo. Ukitikisa mita ndani ya uga huo, au gari likikata kona na kurukaruka, mita nyingi husoma mtikisiko huo kana kwamba gari ndilo linatoa sumaku. Jaribu: zima gari kabisa, shika mita, itikise. Utaona namba zinacheza.

Lakini tuseme 28 yako ni sahihi kabisa. Miligausi 10 ni mikrotesla 1, kwa hiyo una mikrotesla 2.8. Tume ya kimataifa inayotoa miongozo ya kinga kwenye mambo haya, ICNIRP, katika mwongozo wake wa 2010 iliweka ukomo wa mikrotesla 200 kwa watu wa kawaida, kwa masafa ya hezi 25 hadi 400. Kilele chako hakifiki hata asilimia 2 ya hapo. Mashine ya kunyolea ya umeme, ikiwa sentimita 3 kutoka shavuni, inaweza kutoa mikrotesla 15 hadi 1,500. Hakuna anayeitengenezea video.

Sasa ile 4 imetoka wapi? Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu haikutungwa. Mwaka 1979 Nancy Wertheimer na Ed Leeper walichapisha utafiti wa Denver, Marekani, uliosema watoto waliokufa kwa saratani walionekana zaidi katika nyumba zilizokuwa karibu na nyaya za umeme zenye mkondo mkubwa. Tafiti nyingi zikafuata. Mwaka 2000 wanasayansi walikusanya takwimu za tafiti kadhaa pamoja wakaona kwamba watoto wachache sana, chini ya 1 kati ya 100, waliokuwa wakiishi kwenye wastani wa mikrotesla 0.4 na zaidi, yaani miligausi 4, walikuwa na saratani ya damu karibu mara mbili ya wengine. Kwa sababu hiyo, mwaka 2002 IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, iliuweka uga wa sumaku wa masafa ya chini katika kundi la 2B: huenda unasababisha saratani, ushahidi ni mdogo. Kundi hilohilo lina dondoo la jani zima la mshubiri. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipitia ushahidi wote tena na kusema hauna nguvu ya kutosha kuhesabu uga huo kuwa ndio chanzo. Wanyama waliowekwa maabara kwenye uga mkubwa kuliko huo hawakuthibitisha ugonjwa, na namna ambavyo uga dhaifu hivyo ungeharibu chembe za mwili haijapatikana. Hauna nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei inavyoweza.

Kwa hiyo ile 4 ni wastani. Ni wastani wa nyumba, usiku na mchana, mtoto akilala na akiamka. Haikuwahi kuwa mstari ambao ukiuvuka kwa sekunde kumi unaumwa. Anayechukua wastani wa saa 24 akaulinganisha na kilele cha sekunde chache sakafuni mwa gari anapotosha watu, hata kama hajui. Piga hesabu mwenyewe: mwanao akikaa saa nzima kila siku penye mikrotesla 2.8 bila kushuka, jambo ambalo haliwezekani, gari litakuwa limeongeza kama 0.12 kwenye wastani wake wa siku. Uko mbali na hiyo 0.4 unayotishiwa nayo, ambayo nayo haijathibitishwa kuwa na madhara.

Kuna jambo jingine ambalo wenye video hawalisemi. Ukiuza hili ukanunua la petroli, sumaku hutaikimbia. Altaneta ipo, feni zipo, nyaya za betri zipo. Hata matairi. Ndani ya tairi kuna nyuzi za chuma zilizoshika usumaku, na tairi likizunguka, uga unazunguka nalo. Kwa kilomita 80 kwa saa, tairi la kawaida huzunguka kama mara 11 kwa sekunde. Hayo ni masafa ya chini mno, mita nyingi za kuazima hazihisi chochote, na mwenye gari la petroli anaondoka akiamini gari lake ni safi. Taasisi ya SINTEF ya Norway, pamoja na wenzao wa Ulaya, walitoa matokeo yao mwaka 2014 baada ya kupima magari ya umeme kwa vyombo vya kitaalamu. Palipokuwa juu zaidi ni sakafuni karibu na betri na wakati wa kuwasha, na bado ilikuwa chini ya asilimia 20 ya ukomo wa ICNIRP. Usawa wa kichwa ilikuwa chini ya asilimia 2. Ya petroli na dizeli yalikuwa kama asilimia 10. Tofauti ipo, lakini si tofauti ya kuuzia gari.

Tuje kwenye kichwa chako. Naamini kinauma. Lakini kabla ya video hakikuwa kinauma, na wewe mwenyewe umeniambia hivyo. Mwaka 2005 James Rubin na wenzake wa London walikusanya majaribio 31 yenye watu 725 waliosema wanaumwa na uga wa sumakuumeme. Watu walikaa karibu na chombo bila kuambiwa kama kimewashwa au kimezimwa. Kwa ujumla hawakuweza kutofautisha, na maumivu yaliwajia hata chombo kikiwa kimezimwa. Mwaka 2013 Rubin na Michael Witthöft waliwaonyesha baadhi ya watu filamu ya kutisha kuhusu Wi-Fi, kisha wakawaambia wanawashiwa Wi-Fi ambayo haikuwapo. Wengi waliripoti dalili, hasa wale waliokuwa na wasiwasi mwingi tangu mwanzo ambao waliiona filamu hiyo. Hofu huumiza mwili kweli, na mjamzito anayelala akiwaza saratani ya wanawe ana haki ya kuumwa kichwa.

Hata hivyo usiniachie mimi peke yangu. Mweleze mkunga au daktari wako kuhusu maumivu hayo kwenye kliniki ijayo, maana kichwa cha mjamzito kinaweza kuwa shinikizo la damu, na kikiwa kikali au kikija na macho kuona ukungu, usisubiri kliniki, nenda siku hiyohiyo. Na mpelekee fundi gari akague ekzosi. Haibridi bado ina injini, na ekzosi iliyopasuka huingiza kaboni monoksaidi ndani. Hewa hiyo haina harufu, huanza kwa kuumiza kichwa, na inaua. Dalili yake kubwa ni kwamba kichwa kinaachia ukishuka ukapata hewa, na wenzako ndani ya gari nao wanalalamika.

Ukitaka jambo la kulinda watoto kwenye gari hili, anza na hilo. Usiliache kwenye READY, yaani likiwa limewashwa tayari kuondoka, ndani ya gereji iliyofungwa: limekaa kimya, unadhani limezimwa, halafu betri ikishuka injini inajiwasha yenyewe na kujaza moshi. Nyaya nene za rangi ya chungwa zisiguswe na mtu ambaye hajafundishwa. Hapo kuna volti mamia. Na watoto wafunge mikanda kila safari. Ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na moshi wa dizeli IARC iliuweka kundi la 1 mwaka 2012, yaani saratani yake imethibitishwa. Naumia ninapoona mzazi amepewa mita ya sumaku kabla ya kuonyeshwa kiti cha mtoto kinavyofungwa.

SWALI: Mwalimu, baba yetu amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Kaka amenunua haibridi, na mzee anakataa kuipanda. Tumlazimishe?
Binti wa Mwisho

JIBU: Mzee halazimishwi, binti yangu. Mpelekeni kwa daktari aliyemwekea kifaa, amuulize yeye mwenyewe. Mtaweza kumtajia utafiti uliochapishwa 2018 na madaktari wa Munich, Ujerumani: watu 108 wenye vifaa vya moyo walikaa kwenye magari manne ya umeme, yakiendeshwa na yakichajiwa, huku vifaa vyao vikifuatiliwa. Hakuna kilichovurugika. Uga mkubwa walioupata haukuwa kwenye viti. Ulikuwa kwenye waya wa kuchajia, kwa hiyo mzee asiushikilie waya huo kifuani na kazi ya kuchomeka iachiwe kijana.

Jambo ambalo watu hawasomi kwenye kitabu cha gari ni antena za ufunguo usiochomekwa. Watengenezaji wengi huwaonya wenye vifaa vya moyo wasizisogelee; Toyota, kwa mfano, hutaja sentimita 22. Antena hizo zipo hata kwenye magari ya petroli, pengine hata kwenye lile ambalo mzee anapanda kila siku bila wasiwasi. Fungueni kitabu cha gari, kina mchoro wa mahali zilipo.

SWALI: Mwalimu, kuna kijana anauza stika za kubandika juu ya betri ya haibridi na vidani vya shingoni, anasema vinanyonya mionzi. Nimeshanunua kidani kwa ajili ya mke wangu. Vinafanya kazi?
Dereva wa Usiku

JIBU: Stika haifanyi kitu. Uga wa sumaku wa masafa ya chini hupenya karatasi, plastiki, na hata bati jembamba la gari. Kuupunguza kunahitaji chuma maalumu kilichozungushiwa chanzo chenyewe, na wahandisi wameshafanya yanayowezekana. Tena ukibandika ovyo unaweza kuziba tundu la hewa ya kupoza betri, ambalo kwenye haibridi nyingi liko karibu na kiti cha nyuma, na betri ikipata joto inakufa mapema.

Kidani ndicho kinanitia hofu, ndugu yangu. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia na mionzi ya Uholanzi, ANVS, ilipiga marufuku bidhaa kumi za aina hiyo, zikiwemo vidani, bangili na kitambaa cha kufunika macho usingizini, zilizouzwa kama kinga. Zilipopimwa zilikutwa zikitoa mionzi ya kweli, ile inayoweza kudhuru ngozi na vinasaba mtu akizivaa muda mrefu. Sisemi chako ni kimojawapo. Lakini hata wewe huwezi kuniambia kwamba sicho, na aliyekuuzia pia hawezi. Mkeo akivue leo. Msikivunje wala kukisaga kuona kilichomo ndani. Kifungeni kwenye mfuko, mkiweke mbali na wanapolala watu, kisha muulize mamlaka ya mionzi ya nchi yenu kipelekwe wapi kikapimwe.