Maswali na Majibu: Makaa Yanayolisha Tanuru la Chuma

Safari hii barua zote zinahusu tanuru la kuyeyushia chuma: ule mnara ambao madini, mawe ya chokaa na makaa ya koki humiminwa juu, na upepo wa moto hupulizwa chini. Nimezifupisha.

Mhandisi, koki ni makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa. Kwa nini tusitie makaa ya mawe yenyewe, tukaepuka gharama ya kuoka?

Kwa sababu mengi yake yakipata moto hulainika, huvimba na kugandamana, na upepo ukikosa njia tanuru limekwisha. Ndiyo maana huokwa kwanza katika tanuri lililofungwa, joto likipita digrii 1,000, mpaka gesi na lami zitoke, ibaki kaboni ngumu yenye vitundu. Abraham Darby alifanikiwa kuyeyusha chuma kwa koki mwaka 1709 huko Coalbrookdale, Uingereza. Kabla ya hapo watu walitegemea mkaa wa miti, na misitu ilikuwa inakoma.

Nimeona wanunuzi wa koki wanauliza habari ya ugumu kuliko habari ya joto. Fueli si joto?

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote. Joto linaweza kuletwa kwa njia nyingine, hata kwa upepo wenyewe. Kuna kazi moja ambayo ni koki peke yake inayoiweza: kubaki kipande kigumu mahali ambapo kila kitu kingine kimeyeyuka. Sehemu ya chini ya tanuru madini yamekuwa maji, chokaa na uchafu vimekuwa maji. Koki ndiyo imebeba mzigo wote wa juu, na katikati ya vipande vyake gesi inapanda huku chuma kikidondoka. Koki ikivunjika ikawa unga, mianya inaziba: gesi inatafuta upenyo upande mmoja tu, upande wa pili madini yanashuka mabichi, na fueli inaliwa bure.

Tena haitoshi iwe ngumu ikiwa baridi. Kaboni dioksidi iliyomo tanuruni huitafuna koki kwa ndani, na koki iliyoonekana imara uwanjani ikafika chini imeoza. Kipimo kilichobuniwa Japani hulenga hapo hasa. Huchukuliwa gramu 200 za vipande vya milimita 20 hivi, vikapashwa kwa saa 2 kwenye digrii 1,100 huku kaboni dioksidi ikipitishwa juu yake. Vikipoa hutiwa katika pipa na kuzungushwa mara 600. Kisha watu huchekecha na kupima: ni sehemu gani imebaki kubwa kuliko milimita 10? Tanuru kubwa hutaka zaidi ya asilimia 60. Mimi ningelazimishwa kuchagua namba moja tu kwenye cheti cha koki, ningechagua hiyo.

Kwa hiyo majivu si tatizo kubwa?

Ni tatizo, ila la aina nyingine. Chukua kilo 400 za koki yenye majivu asilimia 12: umeingiza kilo 48 za mchanga na udongo ambao hukuutaka. Lazima uuyeyushe, uuongezee chokaa ili utiririke, na kuyeyusha hiyo chokaa nako kunataka koki. Kila asilimia moja ya majivu inayozidi huongeza matumizi ya koki kwa kama asilimia 1 hadi 2. Salfa ni mbaya zaidi, maana sehemu kubwa ya salfa inayoingia tanuruni hutokana na makaa, na kuisukuma iingie kwenye mavi ya chuma (uchafu ulioyeyuka unaotengana na chuma) kunahitaji chokaa zaidi na joto zaidi.

Koki ikilowa mvua?

Maji yenyewe hukauka juu kabisa. Hasara iko kwenye mizani: unadhani umetia koki kilo 400, kumbe 20 ni maji. Tanuru linapoa bila mtu kujua. Pimeni unyevu kila mara, basi.

Kupasha upepo moto si kuhamisha gharama tu kutoka jiko moja hadi jingine?

Hata mafundi wa karne ya 19 waliamini hivyo, tena wakishuhudia tanuru linafanya vizuri zaidi wakati wa baridi. (Siri ya majira ya baridi ni hewa kavu.) James Beaumont Neilson alipopata hataza yake ya kupasha upepo moto mwaka 1828 huko Uskoti, makaa yaliyohitajika kwa kila tani ya chuma yalipungua kwa zaidi ya theluthi. Leo upepo hufika digrii 1,100 hadi 1,250, na unapashwa kwa gesi ile ile inayotoka juu ya tanuru, ambayo bado ina kaboni monoksidi ya kuwaka. Hapo gharama haikuhamishwa. Kilichokuwa kinapotea kimerudishwa kazini.

Nasikia siku hizi makaa ya mawe ya unga hupulizwa pamoja na upepo. Mbona hapo yanafaa?

Kwa sababu hayabebi kitu. Unga huwaka papo hapo kwenye midomo ya upepo, na kilo 150 hadi 200 kwa tani ya chuma ni jambo la kawaida. Lakini ukizidisha, unga usioungua huziba mianya, na koki chache zilizobaki zinabeba mzigo uleule kwa muda mrefu zaidi. Anayepuliza unga mwingi anunue koki bora zaidi. Wengi hukosea hapa: wanabana pande zote mbili kwa pamoja.

Je, hidrojeni itaiondoa koki kabisa?

Katika tanuru hili, hapana. Hidrojeni inaweza kupulizwa na kufanya sehemu ya kazi ya kunyang'anya madini oksijeni, ingawa kazi hiyo hula joto. Kubeba mzigo haiwezi. Isitoshe, chuma kinachotoka hapa kina kaboni zaidi ya asilimia 4, yaani zaidi ya kilo 40 kwa tani, na kaboni hiyo haiwezi kutoka kwenye hidrojeni. Anayetaka kuacha koki kabisa atahitaji mtambo mwingine, ule unaotoa oksijeni kwenye madini yakiwa bado mango, yaani hayajayeyuka, kisha yakayeyushwa kwa umeme.