Karakana ya Jumamosi: Ferrari, umeme na sailensa iliyokatwa

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa sentensi moja tu, kwamba gari la umeme la familia linaweza kuiacha Ferrari ya zamani kwenye mataa. Tangu siku hiyo simu haijapumzika. Waliotukana nimewasamehe, na haya ndiyo maswali ya waliouliza.

Fundi, shikamoo. Kweli gari lisilo na injini liishinde Ferrari, au ulikuwa unachangamsha baraza? (Msomaji, Sinza)

Marahaba. Sikuwa natania. Ferrari F40 ya 1987, ile ambayo vijana wa rika langu tuliibandika picha yake ukutani, ilihitaji sekunde kama 4 kufika kilomita 100 kwa saa. Tesla Model S Plaid ina milango minne na unaweza kumpakia mama mkwe na mizigo yake, lakini inafika hapo kwa sekunde 2 na chembe. Rimac Nevera, ya umeme pia, ya kule Kroatia, inatangazwa kuwa chini ya 2. Ila Wamarekani wana kaujanja: saa yao huanza kuhesabu gari likishasogea futi moja, kwa hiyo sifa zipunguze kidogo. Hata ukizipunguza, F40 imeachwa.

Siri iko kwenye mota. Injini ya petroli lazima izunguke kwanza ndipo iwe na nguvu, ndiyo maana dereva wa daladala akikwama kilimani na gia kubwa, gari linakohoa mpaka arudi mbili. Mota ya umeme inasukuma kwa nguvu zake zote tangu tairi limesimama. Haina cha kusubiri, na nyingi zina gia moja tu mwanzo mpaka mwisho.

Kutoka sifuri hadi 100 kwa sekunde 2 maana yake kiti kinakusukuma mgongoni kwa nguvu iliyozidi uzito wako mwenyewe, kama mara 1.4. Nilipakiwa mara moja kwenye gari la aina hiyo, Masaki, kwenye kipande kilichonyooka, nikiwa nimeshika chupa ya maji iliyo wazi. Maji yalinifika kifuani kabla sijasikia chochote. Mwenye gari alicheka sana. Mimi nilikaa kimya nikijiuliza nimekosa nini, nikagundua kwamba nilikosa kuonywa. Kwenye gari la petroli sikio linapata habari mapema, shingo inakaza, mkono unatafuta pa kushika. Hili linakutoa mahali kama mtu aliyekuvuta kiti.

Anko, nina Altezza. Fundi wa mtaani anasema nikikata sailensa litalia kama Lamborghini. Nimpe hela? (Kijana wa Tabata)

Mwanangu, usimpe.

Mlio wa magari yale hautoki kwenye bomba, unatoka kwenye hesabu. Kila silinda inalipuka mara moja kwa mizunguko miwili ya injini. Altezza yako ina silinda nne au sita. Chukua ya nne: kwa mizunguko 6,000 kwa dakika unapata milipuko 200 kwa sekunde. Lexus LFA, gari la mwendo kasi la Toyota, ina silinda kumi na inazunguka mpaka 9,000, kwa hiyo ni milipuko 750 kwa sekunde. Hapo sikio halisikii tena mlipuko mmoja mmoja, linasikia noti. Na noti ile haikuja kwa bahati: Toyota waliwashirikisha Yamaha, hao hao wa piano na magitaa, kuutengeneza mlio. Injini ilipanda resi haraka mno hata wakaweka kioo cha dijitali cha kuonyesha mizunguko badala ya mshale, kwa sababu mshale ungechelewa. Yalitengenezwa magari 500 tu.

Wewe ukikata sailensa unaongeza sauti, huongezi silinda. Ni sawa na mtu mwenye sauti mbaya kupewa spika. (Wenye Subaru msininunie. Ule mngurumo wenu una asili yake: mabomba ya eksozi kutoka kwenye silinda hayakuwa na urefu sawa, moshi ukawa unatoka kwa kuchechemea. Kasoro imegeuka nembo, na mimi mwenyewe naipenda.)

Nayasema haya kwa sababu nilishakata. Corolla, miaka ya ujana. Wiki ile ile tukapata msiba Magomeni, nikaingia kwenye uchochoro na kile kishindo, turubai lote likageuka. Shehe akanyamaza katikati ya dua. Mzee mmoja kwenye mkeka akauliza kwa upole kabisa, "Huyu kijana trekta amelitoa wapi?" Jumatatu nilirudisha sailensa.

Kwa nini haya ya umeme yote yana sura moja, kama sabuni iliyotumika? (Dada wa Kigamboni)

Umepatia. Ni upepo na betri. Kila kilomita ya chaji ina thamani, basi mchoraji analainisha kila kona ili hewa ipite. Kisha betri inalala chini ya sakafu kama godoro na wewe unakaa juu yake, kwa hiyo paa nalo linapanda. Rimac walikwepa hilo kwa kuipanga betri kwa umbo la herufi H, katikati na nyuma ya viti, ili dereva akae chini.

Zamani injini ndiyo ilichora gari. Lamborghini Miura ya 1966 ilibeba silinda kumi na mbili nyuma ya dereva, zimelazwa kwa upana, na bodi ikachorwa na Marcello Gandini akiwa hajafika miaka thelathini. Yeye huyo akachora Countach, yenye kimo cha sentimita 107 tu. Simama pembeni yake, paa linakufikia kiunoni. Nyuma huoni kitu. Dereva akitaka kurudi rivasi anafungua mlango unaopanda juu, anakaa kwenye kizingiti na kugeuza kichwa nje. Hebu mfikirie huyo anatafuta maegesho Kariakoo, mtaa wa Kongo, mkokoteni wa maji uko nyuma yake. Gari la kijinga kabisa. Na bado hakuna la umeme lililonifanya nisimame barabarani nilitazame.

Mume wangu anataka lile la umeme linalopiga mlio wa injini kwa spika. Si utoto huo? (Mama wa Mbezi Beach)

Ni utoto, shemeji, lakini umefanywa kwa ustadi. Hyundai Ioniq 5 N inaigiza mpaka kubadilisha gia, inakutikisa kidogo kila "gia" ikiingia. Mwache afurahi. Mlio wa nje ndio wenye maana zaidi. Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme lazima litoe sauti likiwa chini ya kilomita 20 kwa saa. Hapa kwetu mtu anavuka barabara kwa sikio, jicho liko kwenye simu. Bodaboda ya umeme imeshanipita kwenye bega mara mbili bila hodi.

LUKU yangu, yaani umeme wa kulipia kabla, itahimili kulichaji gari la umeme? (Ubungo)

Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja. Betri ya uniti 40 ikiisha kabisa itakula 40 na ushei, maana nyingine hupotea kwa joto. Zidisha kwa bei yako.

Mwendo wote huo Dar utautumia wapi? Na wewe ungechukua lipi? (Msomaji, Mikocheni)

Hakuna pa kuutumia. Sekunde 2 zile zinakula mita 28 hivi, na mita 28 Dar huzipati kabla ya tuta, bajaji au afande mwenye tochi, na mjini mwisho ni 50.

La kwendea kazini, nipe la umeme kesho asubuhi, kwenye foleni ya Mwenge halichomi kitu likisimama. Ila juzi nimewasha gari langu la petroli, nikasikia mkanda wa injini unalia mlio mwembamba upande wa kushoto. Nikazima, nikafungua boneti. Ulikuwa umebaki nyuzi tatu.