Goti Lililobanduka Gegedu: Je, Upasuaji Hulirudisha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mpagazi wa mlima Kilimanjaro, mkazi wa Majengo, Moshi, na umri wangu ni miaka 34. Msimu uliopita niliteleza nikishuka njia ya Mweka nikiwa na mzigo, goti la kulia likajipinda. Tangu hapo huvimba kila nikitoka mlimani, na mara nyingine hukwama ghafla. Eksirei ilionyesha mifupa mizima, lakini kipimo cha MRI kimeonyesha kwamba gegedu limebanduka kwenye ncha ya mfupa wa paja, eneo la sentimita moja na nusu ya mraba. Nimeshauriwa upasuaji wa kutoboa mfupa vitundu vidogo. Kwa nini mfupa ukivunjika huunga, lakini gegedu haliungi? Na nikishatobolewa, nitaweza kubeba mizigo tena?

JIBU: Marahaba. Mfupa huunga kwa sababu una damu: unapovunjika, damu huganda palipovunjika, na ndani ya bonge hilo seli za ujenzi huingia na kuanza kazi. Gegedu linalofunika ncha za mifupa, ambalo kwa kawaida lina unene wa milimita 2 hadi 4, halina mshipa wa damu hata mmoja. Seli zake ni chache, kila moja imefungiwa mahali pake, wala haziwezi kusafiri kwenda penye jeraha. Lishe yake hutoka kwenye ute wa kiungo, unaoingia na kutoka kadiri goti linavyobanwa na kuachiwa, kama maji katika sifongo. Halina neva pia, na ndiyo sababu linaweza kulika muda mrefu bila mwenyewe kuhisi lolote. Mwaka 1743 tabibu William Hunter alieleza jijini London kwamba gegedu likishaharibiwa halirudi, na kwa gegedu la asili kauli hiyo haijatenguliwa hadi leo.

Upasuaji ulioshauriwa unatumia mlango wa nyuma. Daktari husafisha kingo za jeraha mpaka afikie gegedu zima, kisha hutoboa mfupa ulio chini yake vitundu vinavyoachana kwa milimita 3 au 4, ili damu na seli za uboho zipande na kuganda ndani ya shimo. Kinachoota hapo ni gegedu la nyuzinyuzi, lililo karibu zaidi na kovu kuliko lile ulilozaliwa nalo, na uwezo wake wa kuhimili mgandamizo ni mdogo. Kwa hiyo wagonjwa wengi hupata nafuu nzuri katika miaka miwili ya mwanzo, na baadaye baadhi yao huanza kurudi nyuma. Matokeo huwa bora zaidi kwa jeraha dogo na mtu aliye chini ya miaka 40, na wewe umo katika kundi hilo.

Zipo njia nyingine. Nchini Hungaria waliendeleza njia ya kuhamisha vijiti vya mfupa pamoja na gegedu lake kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito. Na Wasweden walitangaza mwaka 1994 njia ya kukuza seli za mgonjwa maabara na kuzirudisha gotini kwa upasuaji wa pili. Kwa shimo kubwa kuliko lako ningezizungumzia kwa kirefu.

Kabla ya kukubali, muulize daktari wako mambo matatu: kama kukwama kunatokana na kipande kinachoelea, maana kukitoa tu huweza kuleta nafuu kubwa, kama goti limelegea, na kama mguu una matege. Ukijaza shimo katika mguu uliopinda, uzito wote utaendelea kuangukia palepale.

Kisha kuna suala ambalo naona wagonjwa hulipima kwa wepesi mno, nalo ni miezi inayofuata. Utatembea kwa magongo kwa wiki 6 hadi 8 bila kuukanyagia mguu uzito wote, huku goti likikunjwa na kukunjuliwa kila siku, kwa kuwa mwendo usio na uzito husaidia kovu hilo kukomaa vizuri. Kukomaa huchukua miezi mingi. Kutoka kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, hadi lango la Mweka, chini ya mita 1,700, mtu mwenye mzigo wa kilo 20 hulitesa goti kuliko wakati wa kupanda. Kwa maoni yangu usihesabu kushuka huko kabla ya mwaka kwisha, na kama huna kipato kingine cha kuvuka msimu mzima, panga hilo kwanza, kwa sababu anayerudi mlimani mapema huuharibu upasuaji ambao tayari ameshaulipia.

SWALI: Daktari, nina miaka 61, naishi Sakina, Arusha. Magoti yote yanasagika. Naambiwa nile bamia na makongoro ili ute urudi, na mwanangu ameninunulia vidonge vya glukosamini. Je, kutobolewa mfupa kutanifaa?

JIBU: Hapana, mama. Vitundu hufaa shimo moja lililozungukwa na gegedu zima, si goti lililosagika lote. Bamia ni mboga nzuri, lakini ute wake humeng'enywa tumboni; ute wa goti hutengenezwa na utando wa kiungo chenyewe. Glukosamini ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 1,583, na matokeo yaliyotoka mwaka 2006 yalionyesha kwamba kwa jumla haikuzidi kidonge kisicho na dawa. Sindano za steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe wa kiungo, nazo zisiwe mazoea: katika utafiti wa mwaka 2017, waliochomwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Kama uzito umezidi, kila kilo utakayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Ongeza mazoezi ya misuli ya paja chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Na maumivu yakikunyima usingizi licha ya hayo, ndipo uzungumze na daktari bingwa wa mifupa kuhusu kubadilishiwa goti.