Maswali yenu: Masurufu ya mtalaka na Universal Credit

Mtalaka wangu ananipa pauni 400 kwa mwezi. Universal Credit yangu (msaada wa serikali ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo) itapungua? (Leicester)

Dada, ni za nani, zako au za mtoto? Kila wiki naletewa swali hili, na kila wiki neno hilo halimo. Za mtoto haziguswi hata peni. Masurufu yako mwenyewe, kwa amri ya mahakama au kwa makubaliano, hukatwa yote: ukipokea 400, Universal Credit inashuka 400. Afadhali hata mshahara, hukatwa peni 55 kwa kila pauni.

Majuzi mama mmoja alinionyesha hati yake: "pauni 500 kwa mke na watoto", basi. Zipi za nani? Kabla hujatia saini, mwambie wakili aandike mistari miwili, wa watoto na wa mke. Na viwango viwe vya kweli. Kuzibandika za mke jina la mtoto ni udanganyifu, na atakayeshtakiwa ni wewe.

Akinipa taslimu mkononi, lazima niseme?

Lazima. Wakigundua baadaye, utazirudisha.

Child Benefit (posho ya watoto) na PIP (posho ya ulemavu) je?

Masurufu hayazigusi.

Tulifunga nikaha msikitini hapa London, hatukuandikisha serikalini. Ameniacha na watoto wawili. (Mama wawili)

Pole sana, mama. Nikaha iliyofungwa Uingereza bila kuandikishwa haihesabiwi kuwa ndoa kisheria. Mahakama ya Rufaa ilisisitiza hivyo mwaka 2020. Masurufu ya mke hutayapata mahakamani. Ya watoto ni haki yao hata kama wazazi hawakuoana: nenda Child Maintenance Service, idara ya serikali inayosimamia masurufu ya watoto, wala Universal Credit yako haitapungua. Waliofunga ndoa Mombasa au Unguja kwa sheria za huko hali yao ni nyingine, watafute cheti. Nanyi wazazi mnaoozesha huku, mnahesabu mahari na sahani za biriani, halafu binti anatoka ukumbini bila cheti cha serikali. Mpelekeni kwa msajili kwanza!

Viza yangu ya ndoa hairuhusu fedha za umma, yaani misaada ya serikali. Niombe Universal Credit?

Usiombe kabla hujaonana na mshauri wa uhamiaji mwenye kibali. Anazotoa mtalaka si fedha za umma, zipokee.

Nikiolewa tena?

Masurufu ya mke hukoma siku hiyo, ya watoto yanaendelea. Mkihamia pamoja bila ndoa, Universal Credit inawahesabu wawili kama mke na mume. Toeni taarifa mara moja.