Imbwa ikiunguruma, usiipige

Mumeuliza juma hii imbwa ikikukujia mbio mu njia unafanya nini, na naona bengi wamejibu: jiwe. Ni kweli hapa Goma jiwe haikosekanaka, volkano ilitumwangia ya kutosha, unainama tu na zile za mu njia zinakimbia hata haujaokota. Lakini mimi ile ninaogopa ni ya parseli, ile inafungwaka mu nyumba ya batu. Kwetu mu mtaa ya Himbi kuko moja, munyororo yake imezunguka mpaka imechora duara mu mchanga mweusi, ndani hamuna hata jani, shingo imebaki bila manyoya. Inashinda pale, batoto wanapita wanaitupia maganda ya ndizi, mwenyewe anacheka eti itakuwa kali, usiku anaifungula, na lango ikibaki wazi kidogo tu njo utasikia makelele.

Na ikiunguruma wanaipiga fimbo! Apana jamani. Inakuambia uachane nayo, sasa ukiizoeza kunyamaza, siku ingine italuma bila kukuonya. Angalia mwili: inakakamaa, meno inje, macho haikutoki. Na mukia kutikisika si furaha kila mara, ikiwa juu na ngumu usikaribie.

Ikikufikia usikimbie, mbio njo inaiita. Simama, usiikazie macho, rudi nyuma polepole bila kuipa mgongo, uko na begi ao kiti weka katikati, ukianguka jikunje ufiche shingo na masikio. Batoto wafundishwe hii kabisa, juu wao kimo yao ni fupi, njo wanalumwa uso na kichwa.

Ikisha kuluma, mambo ya majani na pilipili wacha. Maji mingi na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku ile ile kuuliza chanjo, hata kidonda ikiwa kadogo, juu kichaa cha mbwa kinapita mu mate na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Imbwa yenyewe kama ina mwenyewe musiiue pale pale, ifungwe iangaliwe siku 10, lakini wewe sindano usingojee hizo siku zimalizike.

Yule jirani mwenye ile imbwa ya munyororo nilimwambia aichanjishe. Alisema chanjo ni bei. Juma iliyofuata alinunua munyororo mupya.