Umeachiwa chupa ya mvinyo wa Kiitaliano? Usiiweke juu ya kabati

Masika yakikaribia, Waitaliano wa Malindi huanza kwenda kwao. Nyumba za Casuarina zinafungwa, friji zinasafishwa, na mpishi, askari wa lango na mtunza bustani wanagawiwa vilivyobaki: tambi, mafuta ya zeituni, mara mojamoja chupa ya mvinyo mwekundu. Hapo ndipo simu yangu huanza kulia, maana mimi ni mhudumu wa mkahawa na kufungua chupa za watu ndiyo kazi yangu. "Kaka, hii niiweke mpaka harusi ya binti yangu? Si wanasema mvinyo unavyokaa ndivyo unavyonoga?"

Mara nyingi namjibu: kunywa mwezi huu. Mvinyo mwingi unaouzwa duniani, wa supamaketi hasa, umetengenezwa unywewe ukiwa bado mchanga. Ukiuweka hauzeeki, unachakaa. Unaofaa kungoja ni ule wenye tanini nyingi, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi na fizi, pamoja na uchachu wa kutosha. Kwa miaka, tanini na rangi hushikana, zikawa nzito na kutuama chini kama mashapo. Ndiyo maana mvinyo mzee huwa laini mdomoni na rangi yake hufifia.

Kwa hiyo soma lebo kwanza. Ikiandikwa Barolo, hiyo ni zabibu ya Nebbiolo kutoka mkoa wa Piemonte, na sheria ya kwao inataka ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa la mbao. Brunello di Montalcino ni ya mkoa wa Toscana, zabibu ya Sangiovese peke yake. Hizo mbili zinaweza kuvumilia miaka kumi, hata ishirini. Mwaka ulioandikwa ni wa kuvuna zabibu, si wa kutia kwenye chupa.

Lakini zinavumilia huko kwao, kwenye ghala la chini ya ardhi lenye nyuzi 12 hadi 14. Hapa kwetu wakati wa kaskazi, chumba chenye paa la mabati hupita nyuzi 30 mchana kutwa, na juu ya kabati ndiko joto linakokusanyika. Mvinyo ulioungua nautambua kabla sijautia kizibuo: kizibo kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, na chini ya karatasi ya shingo pananata kwa sababu umevuja. Ukiuonja ni kama zabibu kavu zilizochemshwa, na huko nyuma siki. Kama huna pa baridi, ilaze chupa kwenye friji, chini kabisa. Friji ni baridi kupita kiasi, na si pa kuweka kwa miaka, lakini kwa miezi michache ni afadhali mara mia kuliko kabati. Kuilaza ni ili kizibo kisikauke.

Siku ya kuinywa chupa nzee, isimamishe tangu jana yake ili mashapo yashuke. Kizibo cha zamani huvunjika, usikivute kwa nguvu za kufungulia soda. Mimina polepole kwenye jagi, taa ya simu ikiwa chini ya shingo ya chupa, na wingu jeusi likifika shingoni, simama. Barolo changa iache kwenye jagi saa moja au mbili. Ile nzee sana usiiache, harufu yake hukimbia. Na wanaposema mvinyo mwekundu unywewe na joto la chumba, si chumba chetu: nyuzi 16 hadi 18, maana yake ipite kwenye friji kwanza.

Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe. Mvinyo mchanga una ukingo wa zambarau, mzee una ukingo wa rangi ya tofali. Halafu nusa, na usitafute utamu wa matunda, wengi hapo ndipo huvunjika moyo. Utakutana na ngozi, tumbaku, majani makavu, hata uyoga. Mtu aliyezoea mnazi, ambao raha yake ni uleule wa leo, anahitaji subira kidogo. Mimi napenda glasi ya tatu kuliko ya kwanza.

Chakula? Mbuzi wa kuchoma, chumvi na ndimu kidogo tu. Pilipili inaua, na samaki wa kupaka hapatani nao kabisa.

Ukishafungua chupa nzee, imalize usiku huohuo na jirani anayekunywa, kesho haina kitu. Changa ikibaki, rudishia kizibo uitie friji, itafika kesho kutwa. Yale mashapo usimpe mgeni. Mimi huyatia kwenye mchuzi wa nyama.