Maswali ya Wasomaji: Mashua za Nyuki

SWALI: Kwenye bustani za michezo kuna mashua za umbo la nyuki zinazopita mferejini bila injini wala makasia. Zinasukumwa na nini, na mchezo huu una umri gani?

JIBU: Zinasukumwa na maji yenyewe. Zamani gurudumu kubwa la mapanga ndilo lililoyakoroga mpaka yakazunguka mfereji. Siku hizi mara nyingi ni pampu. Mashua hufuata mkondo, na vigurudumu vya ubavuni huizuia isikwaruze kuta.

Mchezo ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Old Mill, mchezo wa mashua za mferejini katika bustani ya Kennywood, karibu na Pittsburgh, Marekani, ilifunguliwa mwaka 1901. Mwaka 2004 ilivishwa sura ya Garfield, paka wa katuni, na mwaka 2020 ikarudishiwa jina lake. Ndivyo hata mashua ya nyuki inavyozaliwa: mfereji hubaki, mapambo hubadilishwa. Ni busara, kwa kuwa zege na pampu ndivyo ghali. Mistari ya njano na nyeusi ni rangi tu.

Mabawa ya nyuki ndiyo yanayohitaji uangalifu. Yakiwa mazito au yamefungwa juu mno, mashua huyumba abiria wanapopanda; yakichomoza nje ya ubavu, hugonga ukuta kwenye kona.

Mashua zikikwama, kwanza tazama kina cha maji. Kikipungua, iliyojaa watu hukwaruza sakafu na kusimama, na za nyuma huja kuisukuma. Mara nyingi chujio la pampu limezibwa na majani.